Kuotesha mwaridi wa kutambaa kwa mbegu

Ukitaka ua linalofanana na la mmea mama, kata kipande cha tawi ukipande. Mbegu haitoi nakala. Miwaridi mingi ya bustanini ni chotara, na kila mbegu ndani ya tunda moja hurithi kivyake: mche huu mweupe, ule wa pinki, mwingine hautambai kabisa. Aina zenye jina linaloanza na "Climbing" (yaani "ya kutambaa") ni za kujihadhari nazo zaidi, kwa kuwa nyingi zilikuwa vichaka vya kawaida ambavyo tawi lao moja lilibadilika likarefuka, na miche ya mbegu zake mara nyingi hurudi kuwa kichaka. Miwaridi ya mwituni, kama Rosa multiflora, hufuata wazazi vizuri zaidi. Mbegu za "waridi la bluu" zinazouzwa mtandaoni achana nazo. Mwaridi hauna asili ya rangi hiyo.

1. Tunda

Acha maua yanyauke juu ya mti. Nyuma ya ua kitavimba kitunda cha kijani, ambacho huchukua kama miezi minne kugeuka chungwa au chekundu. Chuma kikishaiva rangi lakini bado kigumu.

2. Kutoa mbegu

Vaa glavu, maana ndani mna vinyweleo vinavyowasha. Pasua ganda juu juu ili kisu kisifike kwenye mbegu. Kisha zisugue ndani ya chujio chini ya maji mpaka nyama yote iishe. Nyama hiyo huzuia mbegu kuota, na ikibaki huleta ukungu. Wapo wanaotia mbegu majini na kutupa zinazoelea. Mimi sizitupi, kwa sababu inayoelea nayo huweza kuota.

3. Baridi

Hapa ndipo wengi hukwama. Mbegu ya mwaridi imelala, na kinachoiamsha ni baridi yenye unyevu. Lowesha tishu ya jikoni, ikamue mpaka isidondoshe maji, panga mbegu juu yake, ikunje, uitie kwenye mfuko wa plastiki. Andika tarehe na jina la mama. Weka kwenye friji, nyuzi 1 hadi 5 za Selsiasi, kwa wiki 6 hadi 12. Isiwe sehemu ya kugandisha barafu.

Kila wiki fungua uangalie. Ukiona ukungu, suuza mbegu na ubadilishe tishu. Kuelekea mwisho huenda ukakuta ganda limepasuka ubavuni na kijizizi cheupe kimechungulia. Hiyo ipandwe siku hiyohiyo, kijizizi kikitazama chini.

4. Kusia

Tumia mchanganyiko mwepesi usiotuamisha maji. Fukia sentimita 1 tu, uweke mahali penye mwanga na joto la nyuzi 15 hadi 20. Mwagilia kwa kukalisha trei ndani ya maji ili uso wa udongo usilowe kila mara, la sivyo kinyausi (ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche) kitaangusha miche shingoni. Haitaota kwa pamoja. Nyingine hungoja hadi mwaka unaofuata, kwa hiyo usiharakishe kumwaga udongo wa trei.

5. Kuhamisha

Majani mawili ya kwanza huwa ya mviringo na laini pembeni. Yanayofuata yana kingo za msumeno, na yakifika matatu hivi hamishia kila mche kwenye chungu chake. Shika jani, usishike shina.

6. Kuchagua

Miche inayorithi tabia ya kuchanua mara kwa mara hutoa ua ikiwa bado midogo ajabu. Ile ya kuchanua mara moja kwa mwaka hungoja mwaka wa pili au wa tatu, na mitambaao mingi mikubwa imo kundi hili. Kwa hiyo mche mrefu usio na ua usiung'oe. Ung'oe ule unaougua madoa meusi kila msimu. Wala ule mrefu usio na ua usiukate ncha, kwani mwaridi wa aina hii huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita.

7. Kuegemeza

Mwaridi hauna mikono ya kujizungushia kama mpasheni. Hujikwamisha kwa miiba tu, kwa hiyo ni wewe wa kuufunga. Tumia kamba laini, uiache na nafasi shina linenepe. Matawi marefu yalaze ubavu kwenye waya yakiwa bado teketeke: tawi lililosimama huchanua nchani tu, lililolazwa huchipua vitawi vya maua urefu wake wote.