Kabla ya kukata gia, pima biti yako

Ndugu mafundi wa Katwe, Kampala, na kwingineko, mnaochora gia kwenye kompyuta na kuzikata kwa mashine ndogo za CNC (zinazoongozwa na kompyuta): angalieni upana wa bonde kati ya jino na jino kabla ya kuwasha mashine. Hapo ndipo nailoni nyingi nzuri ya kukatia gia huharibika.

Mteja akileta gia iliyokatika meno, hesabu meno yake, pima kipenyo cha nje kwa vernia, kisha ongeza mawili kwenye idadi ya meno na ugawanye kipenyo kwa jumla hiyo; jibu ndilo moduli, kipimo cha ukubwa wa meno. Gia ya meno 20 yenye kipenyo cha milimita 44 inakupa moduli 2. Kwenye duara la kati, yaani katikati ya kimo cha jino ambapo gia mbili hukutana, bonde lake lina milimita 3.14, lakini chini kabisa, penye mzizi, hubaki kama milimita 2 na kidogo. Biti (kisu cha mashine kinachozunguka) ya milimita 3 haifiki kule. Programu itaiacha nyama pale chini bila kukuonya, na gia zitagongana badala ya kuviringika. Tumia biti ya milimita 2 au 1.5, ukate kidogo kidogo kwenda chini, maana biti nyembamba huvunjika upesi.

Pembe ya mgandamizo, yaani mwinamo wa ubavu wa jino, iwe ileile kwenye gia zote mbili. Nyingi za sasa ni nyuzi 20, ila za zamani huwa 14.5.

Kata kwanza meno matatu tu kwenye kipande cha plaiwudi, uyapachike kwenye gia mwenzake. Yakibana, sogeza mihimili inayobeba gia hizo mbili ziachane zaidi kwa sehemu ya kumi ya milimita.