Biskuti za Ndizi na Unga wa Mchele kwa Watoto Wenye Mzio

Kwa mtoto mwenye mzio wa mayai, maziwa, ngano au karanga, hatari haimo katika viungo pekee bali hata katika chombo kilichotumika kabla, hivyo anza kwa kuosha meza, bakuli na miiko kwa maji na sabuni, kwani kufuta kwa kitambaa hakutoshi. Unga wa mchele uliosagwa kwenye mashine inayosaga pia ngano, au unga wa lishe wenye karanga, haufai hata uwe mweupe namna gani. Ni afadhali kuosha mchele, kuukausha na kuusaga nyumbani kwa blenda safi.

Mpe mtoto ndizi mbivu 2 aziponde kwa uma, kwa kuwa ndizi ndiyo itakayoshika unga badala ya yai. Ongeza vijiko vikubwa 3 vya mafuta ya alizeti, 2 vya sukari na iliki kidogo, kisha tia unga kikombe 1, ukizidisha kidogokidogo hadi donge lisinate mikononi. Watoto wafinyange vidonge na kuvibonyeza, lakini wasionje donge bichi, kwa sababu unga usiopikwa huweza kuwa na vijidudu.

Oka katika oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 15 hadi 20. Asiye na oveni atumie sufuria nzito yenye mfuniko, makaa machache chini na mengi juu. Kazi hiyo ni ya mtu mzima peke yake. Biskuti hizi hukauka siku ya pili, kwa hiyo ziliwe mapema.