Omba mchuzi wa mkia
Ukipita kwenye mgahawa mdogo wa Kijamaika wa kubeba chakula, tuseme kule Flatbush, mtaa wa Brooklyn jijini New York, wahi mchana. Mkia wa ng'ombe hupikwa taratibu kwa saa kadhaa, na sufuria ikiisha ndiyo basi. Ukiukosa, au bei ikikushinda, agiza kuku wa jerk, yaani kuku aliyepakwa viungo vikali na kuchomwa, kisha mwombe mhudumu kwa upole akumwagie mchuzi wa mkia juu ya wali. Mchuzi ule mweusi, mzito, ndio utamu wenyewe! Wali umepikwa kwa tui la nazi na maharage, kwa hiyo mtu wa pwani hatapata shida. Ila salimia kabla ya kuagiza. Pilipili yao ni ndugu wa pilipili mbuzi, ionje kwanza kwa ncha ya uma.