Namna ya Kuandaa Kambi ya Wikendi ya Wasafiri wa Pikipiki wa Masafa Marefu

Msafiri anayejiandaa kuvuka nchi tatu kwa pikipiki ana maswali ambayo hakuna duka litakalomjibu. Mpaka upi hufungwa jua likizama? Mzigo ufungwe wapi ili pikipiki isiyumbe kwenye mchanga? Tyubu ikitoboka mahali pasipo na mtu, aanzie wapi? Majibu anayo mwenzake aliyerudi juzi kutoka njia hiyohiyo, na kambi ya wikendi ipo ili hao wawili wakutane. Kila ninachoelekeza hapa kinalenga hapo. Anayetaka muziki mkubwa na maandamano ya pikipiki mjini, huo ni mkusanyiko wa aina nyingine na una maandalizi yake.

Mikusanyiko ya namna hii si mipya. Elefantentreffen ya Ujerumani ilianza mwaka 1956 na hufanyika katikati ya majira ya baridi. Watu huendesha kwenye baridi kali ili wakalale hemani juu ya theluji. Horizons Unlimited, iliyoanzishwa na Grant na Susan Johnson, mume na mke waliosafiri dunia kwa pikipiki moja, imekuwa ikiandaa mikutano ya wasafiri katika nchi mbalimbali, yenye simulizi za safari na mafunzo ya vitendo. Starehe sizo zinazowaleta watu. Wanakuja kwa sababu ya watu wengine.

Hatua ya 1: Panga idadi kabla ya tarehe

Kwa kambi ya kwanza, watu 40 wanatosha kabisa. Kwa idadi hiyo kila mtu anaweza kuzungumza na kila mwenzake kabla ya Jumapili, na watu wanne wa kujitolea wanaweza kuiendesha bila kukesha. Ningechagua kambi mbili za watu 40 kuliko moja ya 80. Tarehe iepuke msimu wa mvua, na ukiweza, iwe karibu na mwezi mpevu, maana daima wapo watakaofika usiku.

Hatua ya 2: Kagua uwanja kwa pikipiki yenye mzigo

Usikague kwa gari wala kwa picha. Funga mzigo kamili, hema na vyombo vikiwemo, uende mwenyewe, na urudie ile njia ya kuingilia giza likishatanda. Mtu aliyeendesha kilomita 600, mikono imechoka, atapita hapo kwa pikipiki inayoweza kufika kilo 250 au zaidi pamoja na mizigo. Kama kuna mita 200 za mchanga mlaini au tope la kuteleza, tafuta mlango mwingine au uwanja mwingine, hata mandhari yakupendeze vipi.

Ukishafika, egesha kwa stendi ya pembeni, uiache pikipiki nusu saa, kisha urudi kutazama. Stendi ikiwa imezama hata kidogo, mvua ikinyesha usiku zitaanguka nyingi. Dawa yake ni rahisi: andaa vipande vya mbao ngumu vyenye ukubwa wa kiganja, kimoja kwa kila pikipiki, uvigawe mlangoni. Kwenye mteremko, pikipiki ielekezwe juu na iachwe kwenye gia ya kwanza.

Wasafiri hupenda kulala kando ya pikipiki zao, na wana haki, kwa kuwa mali yao yote imo humo. Waruhusu, lakini nafasi kati ya pikipiki na hema iwe kubwa kiasi kwamba ikianguka upande wowote isimguse aliyelala. Acha njia moja pana ya kupita gari la wagonjwa hadi katikati ya uwanja, uizungushie kamba ili mtu asije akapiga hema hapo. Tenga pia upande wa wanaolala mapema, mbali na moto.

Moto wenyewe uwe mmoja tu. Mioto mitano huzaa makundi matano ya watu waliojuana zamani, na mgeni aliyekuja peke yake hujikuta akizunguka gizani bila pa kukaa. Weka moto huo mahali ambapo upepo haupelekei cheche kwenye mahema wala kwenye matangi ya petroli, na ndoo za maji ziwepo kabla ya kiberiti kuwashwa.

Hatua ya 3: Maji na vyoo

Hapa sikubali kubahatisha. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada kwenye dharura, vinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga, na choo kimoja kwa watu 20. Kambi yako ya furaha isiwe chini ya kambi ya dharura. Kwa watu 40 na usiku mbili, panga lita 1,200 na vyoo viwili, uongeze cha tatu kwa ajili ya wanawake ikiwezekana. Choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisima, mto au ziwa. Weka maji na sabuni palepale mlangoni pa choo. Ugonjwa wa tumbo ukiingia kambini, Jumapili watu wataondoka barabarani wakiwa dhaifu, na udhaifu juu ya pikipiki huua.

Hatua ya 4: Tangazo na fomu

Tangazo litaje majira-nukta (namba za GPS) ya mlango (si ya katikati ya uwanja), hali ya barabara katika kilomita za mwisho, kituo cha mwisho cha mafuta na umbali wake, kama simu inashika, na hospitali ya karibu yenye idara ya dharura. Kwenye fomu, omba namba ya ndugu wa kupigiwa na mzio wa dawa kama upo. Halafu uliza maswali matatu: umeshafika wapi, unakusudia kwenda wapi, na unaweza kumfundisha mwenzako nini. Majibu ya swali la tatu ndiyo ratiba yako. Usialike mhadhiri kutoka mbali kabla hujayasoma, kwa sababu mara nyingi mtu anayejua kuziba pancha kuliko wote ni yule aliyeandika kwa aibu, "labda mambo ya matairi."

Hatua ya 5: Ijumaa jioni, ramani mlangoni

Simika ubao wenye ramani kubwa ya dunia mahali pa kupokelea wageni. Kila anayefika achome pini nyekundu alikotoka kusafiri na pini ya buluu anakokwenda, pamoja na kikaratasi chenye jina. Mpokeaji asikae tu kuandika majina. Akiona pini ya buluu pembeni ya nyekundu, kazi yake ni kumshika mkono mwenye pini moja na kumpeleka kwa mwenye nyingine. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi muhimu kuliko zote kambini, kwa hiyo mpe mtu mchangamfu anayekumbuka sura. Mwenye taratibu za karatasi anaweza kukaa nyuma yake.

Jioni hiyo usipange kitu kingine. Watu wamechoka, wapige hema, wale, wazungumze.

Hatua ya 6: Jumamosi asubuhi, mikono ichafuke

Mafunzo yawe ya vitendo, vikundi visizidi watu 12, na anayejifunza ndiye ashike spana. Mwalimu akianza kufanya yeye mwenyewe, mkumbushe. Haya matatu sikosi kuyaweka.

*Kuziba pancha ya tyubu.* Tafuta gurudumu chakavu lenye tairi, ili watu warudie bila woga. Toa upepo wote, bandua ukingo wa tairi kwenye rimu. Pasipo kifaa, stendi ya pembeni ya pikipiki nyingine ikikandamizwa juu ya tairi hufanya kazi hiyo. Siri ambayo wengi hawaijui ni kwamba katikati ya rimu pana bonde. Piga magoti upande mmoja wa tairi ili ukingo uzame kwenye bonde hilo, na upande wa pili utalegea ukatoka kwa vyuma vifupi bila kutumia nguvu nyingi. Anayeng'ang'ana kwa nguvu huishia kubana tyubu na kuitoboa upya. Kabla ya kurudisha, pitisha vidole ndani ya tairi taratibu, maana msumari ulioleta pancha ya kwanza hungoja kuleta ya pili. Sugua tyubu kwa msasa, paka gundi, na uiache ikauke hadi isinate kidoleni ndipo ubandike kiraka. Haraka katika hatua hii ndiyo inayofanya viraka vingi vibanduke.

*Kuinua pikipiki iliyoanguka.* Zima injini. Ikiwa imeangukia kulia, shusha stendi ya pembeni kwanza, kwani ukishaiinua hutaifikia. Iweke kwenye gia isiteleze. Geuza usukani kuelekea ardhini hadi mwisho, kipe kiti mgongo, chuchumaa, shika mpini kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, kisha sukuma kwa miguu ukirudi nyuma kwa hatua fupi. Mgongo ubaki umenyooka. Wanaoendesha peke yao wafanye zoezi hili wakiwa wamefunga mzigo, halafu wafanye tena wakiwa wameushusha. Wengi huamua papo hapo kwamba barabarani watashusha mzigo kwanza.

*Cheni.* Pima ulegevu katikati ya sproketi mbili (magurudumu yenye meno yanayoshika cheni), upande wa chini. Pikipiki nyingi za lami hutaka kati ya milimita 25 na 35 hivi, na zenye shokabsoba ndefu hutaka zaidi; mwenye neno la mwisho ni kitabu cha pikipiki yenyewe. Cheni iliyokazwa kupita kiasi ni hatari kuliko iliyolegea kidogo, hasa ukiongeza mzigo, kwa sababu huumiza beringi na yenyewe inaweza kukatika.

Kati ya somo na somo acha saa nzima wazi. Waandaaji wapya huogopa nafasi tupu, wakaijaza. Iache. Ndani yake mtu humwonyesha mwenzake alivyofunga begi lake, na wa tatu hujitokeza na swali.

Hatua ya 7: Jumamosi mchana, karatasi za safari

Watu wakishakula wana usingizi, kwa hiyo mada za nyaraka ziwe fupi na ziletwe na mtu mwenye nyaraka halisi mkononi. Aonyeshe Carnet de passages iliyotumika, yaani hati ya forodha ya kuingiza pikipiki nchini kwa muda bila kulipa ushuru: forodha huchukua kipande kimoja unapoingia na kingine unapotoka, na kishina kinachobaki lazima kiwe na mihuri yote miwili, la sivyo dhamana yako inaweza kudaiwa. Aeleze kwamba kibali cha kimataifa cha udereva kipo cha mkataba wa kimataifa wa barabara wa 1949, cha mwaka mmoja, na cha 1968, ambacho kinaweza kufika miaka mitatu, na kwamba nchi hazikubali vyote sawasawa. Japani, kwa mfano, hutambua kile cha 1949. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kina uhai wa maisha yote tangu Julai 2016, lakini msafiri akibebe kile cha asili, asitegemee picha ya simu.

Hatua ya 8: Safari fupi ya pamoja

Si lazima, ila ikifanyika ifanyike kwa mpango. Tumia mtindo wa kuacha mlinzi wa kona. Kiongozi akifika njia panda, aliye nyuma yake husimama mahali salama kuonyesha upande wa kufuata, na habanduki hapo hadi mtu wa mwisho, mwenye kizibao cha kuonekana kwa mbali, amfikie. Ndipo anarudi kwenye msafara mbele ya huyo wa mwisho. Kwa njia hii hakuna anayelazimika kukimbiza mwenzake asipotee, na mwenye mwendo wa pole hapati aibu. Kiongozi na wa mwisho hawapitwi. Kilomita 60 zinatosha, na msafara urudi kabla ya jioni.

Hatua ya 9: Usiku

Tangaza wazi: moto ukishawashwa, hakuna pikipiki inayowashwa isipokuwa kwa dharura, na anayefungua chupa ya pombe ameshamaliza kuendesha hadi asubuhi. Majiko yasitumike ndani ya hema hata kwenye mvua, kwani kaboni monoksidi haina rangi wala harufu na humuua mtu akiwa usingizini. Jiko la petroli lijazwe nje, likiwa limepoa.

Kuhusu simulizi za motoni, ngoja zije zenyewe. Ukihisi wazoefu wametawala, muulize yule ambaye hajawahi kutoka nchini mwake anahofia nini zaidi katika safari anayoipanga. Baraza zima litamgeukia, na hapo kambi imefanya kazi yake.

Hatua ya 10: Jumapili

Kifungua kinywa kiwe mapema. Kabla ya mtu kuondoka, wawili wawili wakaguliane pikipiki: upepo wa matairi upimwe yakiwa baridi, cheni, taa, breki, kamba za mizigo. Moto umwagiwe maji, majivu yakorogwe, yamwagiwe tena, na uyaguse kwa kiganja uhakikishe yamepoa. Walio na muda wapange mstari mmoja, wavuke uwanja wote kwa miguu wakiokota hata vigingi vya hema na vipande vya nailoni.

Piga picha ya ile ramani, uitume kwa kila mtu pamoja na mawasiliano ya waliokubali kushirikishwa. Kisha keti na orodha yako. Kabla ya kuondoka, kila msafiri awe ameandika humo saa anayotarajia kufika kwake, na atume ujumbe akifika. Saa hiyo ikipita, mpigie. Asipopokea baada ya muda mfupi, mpigie ndugu aliyeandikwa kwenye fomu, umweleze njia aliyopita na saa aliyoondoka.