Jinsi ya kumtambua Phidippus, buibui mrukaji mkubwa wa Marekani, bila kudanganywa na rangi

Kama unaishi Marekani au Kanada na nje kwako kuna ukuta unaopigwa na jua, uzio wa mbao au hata boksi la posta, inawezekana kabisa ushamwona huyu buibui: mweusi, kanenepa, manyoya mwili mzima, ana doa jeupe mgongoni na taya za kijani zinazometameta, na ukimsogelea hakimbii, anageuka anakukodolea macho. Wengi wetu tukiona hivyo tunatafuta kandambili. Jamani iacheni hiyo kandambili chini kwanza, huyo ni Phidippus, na kwenye hilo kundi kuna spishi zaidi ya 60, wametapakaa kuanzia Kanada mpaka Meksiko na visiwa vya Karibea, wapo weusi, wekundu, wa machungwa, wa kijivu, wa kahawia, na ukishaanza kuwatofautisha utajikuta unachungulia kila ukuta unaopita.

Sasa shida ni moja. Mtu akimwona mwekundu anasema hii ni spishi fulani, akimwona mweusi anasema hii ni ile nyingine, afu anaposti jina kwa kujiamini kabisa. Kwa hawa buibui rangi ndo inayokuvuta macho ya kwanza lakini inatakiwa iwe ya mwisho kuamua. Kabla ya rangi uliza mambo matatu: ni dume au jike, ni mzima au bado mtoto, na umemkuta wapi. Ukiruka hayo utakosea tu.

Kwanza hakikisha ni Phidippus kweli. Buibui warukaji wote (familia ya Salticidae, spishi zaidi ya 6,000 duniani, hakuna familia ya buibui kubwa kuliko hiyo) wana macho nane, na mawili ya mbele katikati ni makubwa mno, ndo maana uso wao unaonekana kama unakuangalia na kweli anakuangalia. Phidippus anajitofautisha kwa ukubwa na unene wa mwili, miguu ya mbele minene yenye manyoya, na kwenye spishi nyingi zile taya zinazong'aa kijani, bluu, zambarau hadi pinki. Jike wa Phidippus regius anaweza kufika milimita 22, kwa mrukaji hiyo ni kubwa sana maana warukaji wengi hawafiki hata sentimita moja.

Mtafute jua likiwa limeshapanda, maana anawinda kwa macho, hategi utando kama buibui wa kwenye kona ya dari. Usiku na siku za baridi anaingia kwenye kifuko cheupe cha uzi anachokisuka mwenyewe chini ya gamba la mti, kwenye jani lililojikunja au kwenye nafasi ya fremu ya dirisha. Ukiona hicho kifuko usikipasue kuangalia ndani. Rudi saa nne asubuhi usubiri, akitoka utampata kaota jua pembeni yake.

Ukimpata usimkimbilie na simu. Sogea taratibu kwa mbele, sio kwa juu, kivuli cha mkono kikimpitia ghafla anaruka (anajirusha kwa kusukuma maji ya mwili kwa presha kwenye miguu ya nyuma, na kila akiruka anakuwa ameacha uzi amefunga nyuma yake, kwa hiyo akidondoka usishtuke, atapanda tena na uzi wake). Piga picha nyingi ila zenye maana ni hizi: ya juu ionyeshe tumbo lote, ya uso, ya ubavu, na ikiwezekana ya chini. Ya chini watu wanaisahau na ndo inayowasaidia wataalamu kuliko zote, kwa hiyo mwingize kwenye kikopo cha plastiki kinachoona ndani, subiri apande ukutani mwa kopo, umpige picha tumboni kupitia plastiki, afu mrudishe palepale ulipomtoa. Dakika mbili tatu zinatosha, usimweke juani maana kopo linapata joto haraka sana. Na kwenye uso geuza simu pembe tofauti tofauti, kwa sababu ule mng'ao wa taya unabadilika kulingana na mwanga unavyoingia, taya ileile itaonekana nyeusi kwenye picha moja na kijani kali kwenye nyingine.

Kung'ata? Anaweza ukimbana na vidole, itauma kama nyuki hivi na itapoa, sumu yake sio ya hatari kwa mtu. Usimshike tu, mwache apande mwenyewe kwenye jani au kadi.

Haya, dume au jike. Angalia vile vimiguu vifupi viwili pembeni ya taya, tuviite vipapasio. Dume mzima ncha zake zimevimba, anaonekana kavaa glovu za ngumi, na ukizumu unaona zimekaa ngumu zina vinundu vinundu. Zikiwa zimevimba lakini laini tupu, huyo ni dume ambaye kabakiza kujivua ngozi mara moja awe mzima. Jike vipapasio vyake ni vyembamba, na jike mzima ukimgeuza utaona chini ya tumbo, karibu na kiuno, kibamba kidogo kigumu cheusi au kahawia. Hakipo? Bado mtoto, na mtoto rangi zake hazijatulia.

Hapo ndo utaelewa kwa nini nasisitiza. Chukua Phidippus audax, huyu ndo anayekutwa na watu wengi, kuanzia kusini mwa Kanada mpaka Meksiko, bustanini, kwenye kuta, mpaka ndani ya nyumba. Mzima ni mweusi, katikati ya tumbo ana doa jeupe la umbo la pembetatu na mengine mawili madogo nyuma yake. Mtoto wa huyohuyo madoa yake ni ya machungwa! Akikua yanageuka meupe, ingawa baadhi ya wale wa kusini wanabaki na machungwa hata wakiwa wazima. Kwa hiyo ukikuta wawili kwenye uzio mmoja, mmoja doa jeupe mwingine doa la machungwa, inaweza kuwa spishi moja kabisa.

Regius ndo kabisa. Dume ni mweusi mwenye madoa na michirizi meupe, kila dume, popote. Jike sasa, kuna wa kijivu, wa karibu nyeusi, wa kahawia, wa machungwa ya kuwaka, na wote ni regius. Anapatikana kusini mashariki mwa Marekani, Florida hasa, pamoja na Bahamas na Kuba, na wazima wanapenda mashina ya miti na kuta za majengo wakati wadogo wako zaidi kwenye nyasi za uwanja wazi. Wanaofuga hawa buibui wanawaita kwa majina ya sehemu walikotoka, maana majike wa sehemu moja wanaelekea rangi fulani. (Na kama umemnunua usije ukamwachia porini jimbo lingine, tafadhali.) Uko Minnesota, kaskazini huko, na umeona mrukaji mkubwa mweusi ukutani, regius hata usimfikirie, sio kwao.

Wekundu ndo wanachanganya zaidi. Mwangalie kichwa kwanza. Kama kichwa na kifua ni vyeusi na wekundu uko tumboni tu, na uko magharibi, California au Oregon huko, fikiria Phidippus johnsoni: dume tumbo lote jekundu, jike ana mstari mweusi katikati ya huo wekundu, taya zote za kijani-bluu. Ila kama umemkuta juu ya majani marefu ya shamba lililoachwa, mwisho wa kiangazi, tumbo jekundu lina mstari mweusi katikati wenye vidoa vyeupe pembeni, hapo elekea kwa dume wa Phidippus clarus. Jike wa clarus amepoa, kahawia hivi, ukiwaona pamoja huwezi kuamini ni mtu na mkewe.

Na kama wekundu umeshuka kuanzia kichwani mpaka mwisho wa tumbo? Hao ndo nawapenda kuliko wote, Phidippus cardinalis na Phidippus apacheanus. Wanafanana na nyigu fulani wa huko ambao majike yao hayana mbawa, yana manyoya mekundu na meusi na mwiba unaouma vibaya mno. Buibui hana mwiba huo, lakini ndege au mjusi aliyewahi kuchomwa hatajaribu tena chochote chekundu chenye manyoya kinachotembea. Kuwatofautisha hao wawili kwa picha ya juu peke yake ni kazi, hapo ile picha ya chini na jina la eneo ndo vitakuokoa.

Wapo pia wanaojulikana kwa nywele zaidi kuliko rangi, Phidippus otiosus wa kwenye miti ya kusini mashariki jike ana vishungi vimesimama juu ya macho, mystaceus naye ni wa kijivu na vishungi vyake, na dume wa putnami miguu yake ya mbele imepambwa kwa manyoya ambayo anayaonyesha akimchezea jike, ananyanyua miguu anaitikisa anasogea kwa upandeupande. Ukibahatika kuona hilo usipige picha, piga video.

Ukimaliza yote bado hujui spishi, andika Phidippus uishie hapo. Sio aibu. Mpaka mwaka 2004 ndo G. B. Edwards, mtaalamu wa buibui wa Florida, alitoa kazi kubwa ya kupanga upya kundi zima, na hata kwenye hiyo kazi kuna spishi zinatofautishwa kwa viungo vya uzazi chini ya hadubini. Apu ya kutambua viumbe kwa picha ikikupendekezea jina usibonyeze kukubali tu, angalia kwanza ramani yake inasema spishi hiyo inaishi wapi. Hii inawahusu hata ndugu zetu walioko nyumbani: Afrika Mashariki Phidippus sio wa asili, warukaji wetu wakubwa wenye manyoya ni wa kundi la Hyllus, kwa hiyo picha ya Tanga au Kisumu ikiitwa Phidippus, toa hilo jina weka Salticidae, mtaalamu atakuja kulishusha mpaka jenasi, yaani kundi dogo kama Phidippus au Hyllus.

Na kuandika unapoposti, weka tarehe, mji, alikuwa juu ya nini, na ukubwa kwa milimita (weka rula karibu, sio sarafu, maana sarafu za kila nchi zinatofautiana). Ukikuta jike kajifungia kwenye kifuko na mayai, mpige kwa mbali umwache, anayalinda na hatoki kirahisi, na kama kifuko kiko kwenye fremu ya dirisha acha hilo dirisha bila kulifungua mpaka watoto watoke watawanyike.