Kujitegemea Ukiwa Unatumia Kiti Mwendo

Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye uti wake wa mgongo umejeruhiwa na miguu yake ikapooza, iwe ni kwa ajali ya bodaboda, kwa kuanguka kutoka juu ya mti au kwa ugonjwa, na ambaye sasa ameruhusiwa kutoka hospitali na kurudi nyumbani. Hospitalini mtu hufundishwa mambo mengi kwa siku chache, naye huyapokea akiwa bado na majonzi mazito, kwa hiyo mengi humtoka kabla hajafika kwake. Mimi natumia kiti mwendo kwa miaka mingi sasa, na ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeketi nami na kunieleza polepole katika miezi ile ya mwanzo.

Kabla ya yote, tuelewane juu ya neno kujitegemea. Wengi hudhani kwamba anayejitegemea ni yule asiyesaidiwa na mtu kwa jambo lolote. Mmarekani Ed Roberts alipata polio mwaka 1953 akiwa na umri wa miaka 14, akapooza kuanzia shingoni kwenda chini, na usiku alilala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua. Hata hivyo alisoma katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakaanzisha mjini humo kituo cha maisha ya kujitegemea kilichoongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Mtu huyo hakuweza kujivalisha shati, lakini maisha yake yalikuwa mikononi mwake, kwa sababu ni yeye aliyeamua aamke saa ngapi, asome nini, aende wapi na nani amsaidie. Nashauri upime kujitegemea kwako kwa kipimo hicho. Ikiwa kuvaa viatu kunakuchukua dakika arobaini na kukumalizia nguvu za kwenda kazini, mwombe ndugu akuvalishe, uzitunze nguvu zako kwa lile unalolitaka zaidi.

Ngozi, mkojo na haja kubwa

Hakuna jambo linalomnyang'anya mtu uhuru wake kwa haraka kama kidonda cha mgandamizo. Mtu mwenye hisia akikaa vibaya huumia na kujisogeza bila hata kufikiri, lakini mwili wako haukuambii tena. Damu hubanwa kati ya mfupa na mto uliokalia, nyama huanza kufa, na mara nyingi kidonda kinachoonekana kidogo kwa nje huwa kimekwisha kuchimba ndani. Kukiponya huweza kuchukua miezi ya kulala kifudifudi, bila kazi wala matembezi, na kikiachwa huweza kuua. Kwa hiyo, unapokuwa kwenye kiti, ondoa uzito kwenye makalio kila baada ya dakika 15 hadi 30, kwa muda wa dakika moja hadi mbili. Njia rahisi ni kuinama mbele mpaka kifua kikaribie mapaja, au kuegemea upande mmoja kisha wa pili. Kujiinua kwa mikono kunafaa pia, lakini mabega yako sasa ndiyo miguu yako, na ukiyachosha kila nusu saa kwa miaka yatakuuma baadaye. Mwanzoni tumia kengele ya simu kukukumbusha, kwani mazoea huja kwa kukumbushwa.

Asubuhi na usiku, kagua mwili kwa kioo cha mkono: makalio, sehemu ya chini ya mgongo, nyonga, vifundo na visigino. Vitabu vingi husema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu ni vigumu kuuona. Tafuta mahali palipokoza weusi au kuwa na rangi ya zambarau, kisha pagusa kwa mgongo wa mkono ulinganishe joto lake na la ngozi ya jirani, na ubonyeze uone kama pamekuwa pagumu au pamelegea. Alama isipotoweka baada ya nusu saa ya kutokukalia, usipakalie tena mpaka itoweke kabisa, na usipachue. Usikalie pete ya mpira uliojazwa upepo, ingawa watu wema watakuletea, maana pete hiyo hubana damu kuzunguka sehemu ileile unayotaka kuilinda. Jihadhari pia na moto usiousikia: sufuria au kikombe cha chai ulichopakata, jiko la mkaa lililo karibu na miguu, na maji ya kuoga ambayo unapaswa kuyapima kwa kiwiko kabla ya kujimwagia.

Kuhusu mkojo, kwa wengi wetu kibofu hakiutoi chenyewe inavyotakiwa, na njia iliyo salama kwa walio wengi ni kuutoa kwa mpira wa mkojo unaoingizwa na kutolewa, kila baada ya saa nne hadi sita. Nesi au daktari atakufundisha, na ukiwa na mikono yenye nguvu utajifanyia mwenyewe. Kibofu kisizidi mililita 500. Ukiona kila mara unatoa zaidi ya hapo, punguza muda kati ya mara moja na nyingine. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada, na uliza kituoni kwako namna ya kutunza mipira, kwa kuwa si rahisi kwa kila mtu kununua mipya kila siku. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuacha kunywa maji ili asijikojolee akiwa safarini. Mkojo unapokuwa mzito na mchache, maambukizi na mawe hupata nafasi. Kunywa maji, ila uyapange yaendane na ratiba ya mpira. Ukipata homa, mkojo ukawa na mawingu na harufu kali, au misuli ikaanza kukakamaa kuliko kawaida, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Haja kubwa nayo hufuata ratiba. Chagua saa moja isiyobadilika, kila siku au siku moja baada ya nyingine, na ianze kama nusu saa baada ya kifungua kinywa na kinywaji cha moto, kwa sababu tumbo lenyewe husukuma baada ya chakula. Mbogamboga, mapapai na maji husaidia. Itachukua wiki kadhaa kabla utumbo haujazoea, lakini ukishazoea utaweza kwenda harusini au kazini bila hofu, na uhuru huo una thamani kubwa kuliko anavyoweza kufikiri mtu asiyewahi kuukosa.

Yule aliyejeruhiwa juu, shingoni au sehemu ya juu ya kifua, ajue hatari moja zaidi. Kibofu kikijaa sana, choo kikikwama au kukiwa na jeraha asilolihisi, shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla, kichwa kikapasuka kwa maumivu na uso ukatoka jasho. Ketishwa wima, legeza nguo na mkanda, toa mkojo, na kama hali haitulii wahi hospitali. Andika maelezo haya kwenye karatasi na uyaweke kwenye pochi, kwa kuwa si kila mhudumu utakayempata usiku atakuwa amewahi kuiona hali hiyo.

Kiti na nyumba

Kiti kinachotolewa kwa msaada mara nyingi huwa cha ukubwa mmoja kwa watu wote, na kiti kipana mno hukupindisha mgongo na kukufikisha kwenye magurudumu kwa taabu. Ukikaa, pawe na nafasi ndogo tu kati ya nyonga na ubavu wa kiti, na vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo wa mbele wa kiti na nyuma ya goti. Ukiweza, pimwa na mtaalamu. Hapa Tanzania, hospitali ya KCMC kule Moshi, hospitali ya CCBRT na Taasisi ya Mifupa MOI jijini Dar es Salaam ni miongoni mwa sehemu zenye wataalamu wa viungo. Mto ni sehemu ya matibabu, kwa hiyo usikubali kiti kisicho na mto wa maana. Ingiza kiganja chini ya makalio ukiwa umekaa: kama mfupa unakandamiza vidole mpaka chini, sponji imekwisha. Mafundi baiskeli wa mtaani ni rafiki zako wakubwa, kwani magurudumu mengi ya nyuma ya inchi 24 hutumia tairi, tyubu na spoku wanazozijua vizuri. Beba pampu ndogo na viraka.

Nyumbani, anza na kitanda. Urefu wake ulingane na wa kiti, kwa kawaida karibu sentimita 50. Kitanda kirefu kikatwe miguu, na kifupi kiinuliwe kwa matofali imara. Unapohama, sogeza kiti kiwe mshazari kando ya kitanda, funga breki, toa kiegemeo cha mkono, jivute mbele, weka nyayo sakafuni, mkono mmoja kitandani na mwingine kwenye kiti, kisha inama mbele na upeleke kichwa upande ulio kinyume na unakopeleka makalio. Kichwa kikienda kushoto, makalio hunyanyuka kwenda kulia. Jinyanyue, usijiburute, kwa sababu kujiburuta huchuna ngozi.

Mlango unaopitika vizuri una upana wa angalau sentimita 80, lakini milango ya vyoo vya nyumba nyingi za kupanga ni myembamba zaidi. Kabla ya kubomoa ukuta, jaribu kuondoa mlango na kuweka pazia, maana sentimita chache unazopata huweza kutosha. Choo cha kuchuchumaa hutumika kwa kiti imara chenye tundu kinachowekwa juu ya shimo, na seremala yeyote anaweza kukitengeneza, mradi ukingo wa tundu ufunikwe kwa sponji na plastiki laini. Kwa kizingiti, kanuni ni kwamba kila sentimita moja ya kimo huhitaji sentimita 12 za mteremko, hivyo kibaraza cha sentimita 20 kinataka mteremko wa mita 2.4. Mafundi hupenda kuufanya mfupi na mkali ili kuokoa saruji. Wakatalie, kwa sababu mteremko wa namna hiyo utahitaji mtu wa kukusukuma kila utokapo, na hapo lengo lote limepotea. Jikoni, meza iliyo wazi chini ili magoti yapite, na jiko la gesi lililowekwa juu yake, vinatosha kukurudisha kwenye mapishi.

Msaidizi na kazi

Ndugu wanaokupenda wanaweza kukuzuia kuliko adui, kwa kuwa hukuamulia mambo kwa huruma. Zungumza nao mapema, kwa heshima na bila kuficha. Mwambie mama: "Mama, naomba uniache nijaribu, nikishindwa nitakuita." Msaidizi wa kulipwa mwelekeze mwenyewe, umweleze unavyotaka kushikwa na kubebwa, na mpatane saa zake za kazi na malipo yake. Mkiwa dukani au zahanati na mhudumu akamuuliza msaidizi wako badala ya kukuuliza wewe, jibu wewe kwa upole, na msaidizi afundishwe kunyamaza.

Pato lako mwenyewe ndilo litakalokupa sauti ndani ya nyumba. Cherehani inaweza kuwekewa mota yenye swichi ya mkono, uwakala wa fedha za simu hufanywa umekaa, na bajaji huongozwa karibu yote kwa mikono isipokuwa breki ya mguu, ambayo fundi mzuri huihamishia mkononi. Sheria ya Tanzania ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu, hivyo unapoomba kazi unadai nafasi ambayo sheria imekwisha kuitaja. Aidha halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Muone ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako ukiwa tayari na wazo la biashara lililoandikwa pamoja na gharama zake, na ujiunge na chama cha watu wenye ulemavu kilicho karibu, kwa kuwa hapo utawapata waliokwisha kupita njia hiyohiyo.

Safari ya kwanza peke yako

Usingoje mpaka kila kitu kikamilike ndipo utoke. Chagua mahali pa karibu unapopajua na siku isiyo na haraka, na usafiri nje ya saa za msongamano, maana konda wa daladala aliyebanwa na abiria hatakusubiri. Dar es Salaam, vituo vya mabasi ya mwendokasi vimejengwa kwa usawa wa mlango wa basi, na bajaji hukubali kiti kilichokunjwa nyuma. Patana bei pamoja na kiti kabla ya kupanda. Piga simu unakokwenda, na usiulize kama panafikika, kwa kuwa watakujibu ndiyo kwa nia njema. Uliza kuna ngazi ngapi mlangoni na mlango wa choo una upana gani. Toa mkojo kabla ya kuondoka, chukua mipira ya akiba, sabuni, maji, suruali moja ya kubadili na pampu ya tairi. Mtu asiyekujua akitaka kukusukuma ghafla, mwombe asubiri, umwelekeze ashike wapi na aelekeze kiti namna gani kwenye mtaro.

Ukirudi, andika kila mahali ulipokwama na muda uliotumia, kagua makalio kwa kioo kabla ya kulala, na wiki ijayo nenda kituo kimoja mbele zaidi.