Ukiwa Berlin na watoto wadogo, anzia kwenye jina moja

Kabla ya kuwapeleka wadogo kwenye ukumbusho mkubwa wa Holokosti (mauaji ya Wayahudi milioni sita mikononi mwa Wanazi, wafuasi wa Hitler), tafuta kwanza Stolperstein moja: kijiwe chenye bamba la shaba, sentimita 10 hivi kila upande, kilichopachikwa njiani mbele ya nyumba alimoishi mtu aliyeteswa au kuuawa na Wanazi. Mpe mtoto kitambaa laini akisugue, kisha msome pamoja jina, mwaka wa kuzaliwa na yaliyompata. Watu milioni sita hawaingii kichwani mwa mtoto (wala mwa mtu mzima, tuseme kweli), lakini mtu mmoja na mlango wake anamwelewa, na mikono ikiwa na kazi maswali huja yenyewe. Sisi wa Kiswahili tunacho kimoja mtaa wa Brunnenstraße, cha Mahjub bin Adam Mohamed, aitwaye pia Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefundisha Kiswahili Berlin na kufia Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi, mwaka 1944. Hakuwa Myahudi; mweleze mtoto hivyo, asichanganye.

Epuka vijiwe vya familia vyenye mtoto wa rika la wako, hofu itamfuata mpaka kitandani. Wala njia hii haimwandai kwa kambi zenyewe: Auschwitz, kambi ya mauaji huko Poland ambayo sasa ni makumbusho, wanashauri wa chini ya miaka 14 wasiende. Ukifika kwenye ule ukumbusho mkubwa wa Berlin, penye zile nguzo 2,711, mshike mkono, kwani nyingine zina zaidi ya mita 4 na mtoto hupotea machoni mara moja. Maonyesho ya hapo ya chini ya ardhi yaacheni kwanza.